Usimtafute rais kwenye tamthilia ya dikteta

Kila mara tamthilia mpya kuhusu dikteta inapofika Lubumbashi, iwe kwa flashi inayonakiliwa vibandani katika soko la mtaa wetu wa Kenya au kwa vipande vya dakika mbili kwenye WhatsApp, ubishi ni uleule. Huyu ni nani? Mmoja anamtaja rais wa Urusi, mwingine anataja Korea Kaskazini, na hakosekani mzee wa kusema: "Njo Mobutu ule, lakini juu ya nini banamufanya mwanamuke?" Kisha maswali yanafuatana. Kama ni hadithi ya kubuni, mbona mambo yake tunayajua? Kama ni mambo ya kweli, mbona watu wanacheka? Na mtu akituma kipande kama hicho kwenye kundi la familia, hajajitia matatani?

Maswali haya yana majibu. Shida ni kwamba wengi tunazitazama tamthilia hizi kama vitendawili: tukishalipata jina la rais tunaona kazi imekwisha, tunazima simu. Mimi naona hapo ndipo tunapoacha nyama na kuondoka na mchuzi.

Tuanze na maneno yenyewe. Tashtiti ni sanaa ya kumwonyesha mwenye nguvu katika hali ya kuchekesha ili ubaya au upumbavu wake uonekane. Hutia chuku: huchukua tabia moja na kuikuza mpaka haifichiki tena. Si tusi, maana tusi huishia kwa mtu, kwa sura yake, mama yake, kabila lake, ilhali tashtiti hulenga cheo na jinsi kinavyotumiwa. Wala si uzushi. Mzushi anataka uamini kwamba jambo limetokea. Mtunzi wa tashtiti anataka ujue tangu mwanzo kwamba amebuni. Dikteta naye ni mtawala ambaye hakuna mtu, bunge wala mahakama inayoweza kumwambia hapana naye akalazimika kusikia.

Tofauti moja zaidi itatusaidia mbele. Kuna vipindi vya vikaragosi, kama XYZ Show iliyoanza katika nchi ya Kenya mwaka 2009 kwa ubunifu wa mchoraji katuni Gado, ambamo kikaragosi kina sura na jina la mwanasiasa halisi. Hapo swali la "huyu ni nani" lina maana, kwa sababu kidole kimenyooshwa kwa mtu. Tamthilia ni jambo jingine. Mtawala ni wa kubuni, nchi ni ya kubuni, na mtunzi ana vipindi sita au kumi vya kukuonyesha jinsi nyumba ya madaraka inavyoendeshwa toka sebuleni mpaka jikoni. Kidole hakijanyooshwa kwa mtu mmoja. Kimenyooshwa kwa nyumba nzima.

Tuchukue mfano wa karibuni. The Regime ilionyeshwa na kituo cha HBO cha Marekani mwaka 2024, vipindi sita, na Kate Winslet ndiye kansela wa nchi isiyokuwepo katikati ya Ulaya. Kansela huyu anaogopa ukungu wa ukutani. Anaamini hewa ya kasri inamuua. Basi analetwa askari mmoja, Zubak, ambaye kazi yake ni kutangulia mbele yake na kipimo cha unyevu, chumba baada ya chumba. Baadaye askari anapata sikio la mkubwa, na tiba za kijijini kwake zinaingia kasrini: vyombo vya viazi vinavyofuka mvuke vinapangwa vyumbani, eti visafishe hewa. Maiti ya baba yake kansela imehifadhiwa kwenye jeneza la kioo, naye hushuka kuzungumza nayo.

Unaweza kucheka na kuishia kwa mwanamke mwenye hofu za ajabu. Lakini mtazame waziri aliyesimama pembeni. Anajua ukungu haupo. Anajua viazi haviponyi kitu. Anajua pia kwamba wa kwanza kusema hivyo atakuwa wa kwanza kuondoka, basi anakaza uso na kuuliza swali la adabu kuhusu viazi. Chumba kizima kinafanya hivyo kwa pamoja, na ndipo uongo wa mtu mmoja unageuka kuwa siasa ya nchi.

Na kwetu Katanga kuna jambo ambalo halipaswi kupita bila kuonwa. Zubak si askari wa kawaida: ametoka kwenye kikosi kilichowafyatulia risasi watu walioandamana kwenye mgodi wa kobalti, na utajiri ambao Wamarekani wanakuja kuujadili na kansela ni kobalti hiyohiyo. Waandishi wameuweka mgodi huo Ulaya ya kubuni. Lakini zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na Kolwezi iko mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka hapa. Sisemi tamthilia ile inatuhusu sisi. Nasema mtazamaji wa Lubumbashi ana haki ya kuiona kwa jicho ambalo mtazamaji wa London hana.

Ugumu wa kutia chuku kwetu

Kuna watu wanaosema tamthilia hizi zimezidisha mno, hakuna mtawala wa namna hiyo. Wengi wao wamezaliwa baada ya 1997, Mobutu alipoondolewa madarakani. Waliokuwa watu wazima wakati wa Zaire wanajua kwamba taarifa ya habari ya jioni ilikuwa ikifunguliwa kwa picha ya uso wa Mobutu ukijitokeza mawinguni, kama wa aliye juu akitushukia sisi tulio chini. Hiyo haikuwa tashtiti. Ilikuwa televisheni ya taifa, na watu walikaa mbele yake wakingoja habari.

Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, mwaka 1972 majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, suti na tai zikaachwa, abakosi ikawa vazi la mwanamume mwenye heshima. Baada ya safari zake za China na Korea Kaskazini katika miaka ya 1970, ngoma za siasa, zile tulizoziita animasio, zikashamiri kila mahali: viwandani, shuleni, maofisini. Wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, wauguzi, walimu, wanafunzi, wote walijifunza nyimbo na hatua za kumsifu Kiongozi na chama chake, MPR. Televisheni ikazionyesha kwa saa nzima.

Mtunzi wa tashtiti angeongeza nini hapo? Mtawala ameshajitia chuku mwenyewe. Ndiyo sababu wasanii wetu waliojaribu kazi hii wakati ule hawakufuata njia ya kukuza sura ya mkubwa. Walishika njia nyingine, iliyohitaji akili zaidi.

Madaraka huliwa yote

Mwaka 1986, hapa Lubumbashi, kundi la maigizo la Mufwankolo lilitengeneza mchezo wa televisheni kutokana na usemi uliokuwa ukisemwa mjini: madaraka huliwa yote, hayagawanywi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa mjini, akawauliza usemi huo una maana gani, nao badala ya kumjibu kwa sentensi moja wakaamua kuucheza. Mazoezi aliyafuata na kuyaandika, ndiyo maana tunayajua vizuri kuliko michezo mingine mingi ya wakati ule iliyopotea hewani. Waliigiza kwa Kiswahili cha hapa, kile cha sokoni na cha nyumbani, wakajibizana bila kusoma maandishi yoyote.

Hawakumweka rais jukwaani. Waliweka kijiji, chifu, wazee wake na wanakijiji wenye vurugu zao. Mtu wa serikali akiuliza, ni hadithi ya zamani ya kijijini. Mtazamaji wa mitaa yetu ya Katuba au Kamalondo akitazama, anajua anatazama nini.

Na ule usemi wenyewe ufikirie kwa mfano wa mezani. Kuku akichinjwa katika nyumba nyingi za kwetu, firigisi ni ya baba. Haigawanywi, mtoto haigusi. Lakini tazama vizuri inavyofika kwa baba. Hakuna aliyesimama pale na bunduki. Baba hata hajasema neno, pengine bado yuko nje anaongea na jirani. Ni mama aliyeitenga kwenye sahani, ni dada aliyemkanya mdogo wake asiiguse, ni watoto waliojifunza tangu wadogo kutoitamani. Wote kwa pamoja wanampa baba kitu kizima, kisha wote wanasema baba ndiye anayekula peke yake.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kuhusu tamthilia za madikteta, na nimezunguka mpaka kwenye kuku ili lieleweke: mtawala ni kisingizio. Anayesomwa humo ni yule anayemwekea firigisi kwenye sahani. Waziri anayeuliza kuhusu viazi, jenerali anayecheka kabla ya mzaha kuisha, mwandishi wa habari anayefuta swali lake kabla hajaliuliza, mpambe anayeimba djalelo, ule wimbo wa kumsifu Mobutu, kwa sauti kubwa kuliko wenzake kwa sababu jana aliimba kwa sauti ndogo na mtu akamtazama. Mtazame mtu huyo, na tamthilia nzima inafunguka.

Warusi walilipata jambo hili kwa namna ya ajabu. Kituo chao cha NTV kilikuwa na kipindi cha vikaragosi kilichoitwa Kukly, kilichoanza 1994. Mwaka 2000 kilimwonyesha Putin katika umbo la kibeti kisicho na uzuri, kutoka kwenye hadithi ya zamani ya Kijerumani. Katika hadithi hiyo malaika wa kike amekiroga kibeti hicho ili kila anayekitazama akione kizuri, na jambo lolote jema likifanywa na mwingine mbele yake, sifa zinamwendea yeye. Kipindi hakikusema Putin ni mbaya. Kilisema: tazameni watu wote hawa wanaoona uzuri. Mwaka 2001 kituo kikaangukia mikononi mwa kampuni ya serikali ya gesi, Gazprom, na mwaka 2002 vikaragosi vikatoweka.

Yanayosemwa bila kuchunguzwa

La kwanza ni kwamba kumcheka mtawala si utamaduni wetu, ni mambo ya Wazungu. Anayesema hivi hajakaa na hadithi ya mwanzo wa ufalme wa Waluba. Humo yumo Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mlevi, mkatili, anayekula mbele za watu mdomo wazi, asiye na adabu ya kifalme. Anakuja mgeni, mwindaji Mbidi Kiluwe, ambaye hakubali kula akitazamwa, na kwa utulivu wake tu ubovu wa mwenyeji unaonekana. Wasimulizi walimchora Nkongolo kwa chuku tupu, kizazi baada ya kizazi, na wasikilizaji walicheka. Hiyo ni tashtiti ya mtawala, na ni ya zamani kuliko televisheni na kuliko ukoloni.

Tena hadithi hiyo ina mtu wangu. Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi, anapokuwa shujaa, Nkongolo anaingiwa na wivu na kumwandalia ngoma. Uwanjani kumechimbwa shimo lenye mikuki, likafunikwa mkeka. Watu wa ikulu wanajua, wamenyamaza. Ni mpiga ngoma peke yake anayebadilisha mdundo na kumwonya kijana kwa lugha ya ngoma, naye Kalala anaruka na kuokoka. Katika ikulu nzima ya waliokaa kimya, aliyesema ukweli ni msanii, na aliusema palepale mbele ya mfalme, ndani ya kazi aliyoamriwa kuifanya.

La pili husemwa na vijana, nami nalisikia kwa huzuni kidogo kwa sababu linatoka kwenye tumaini: kwamba kicheko humwangusha dikteta. Historia haikubali. Syria ilikuwa na vichekesho vikali vya televisheni chini ya ukoo wa Assad. Kipindi cha Buq'at Daw' kilichoanza mwaka 2001 kiligusa rushwa, wapelelezi na maafisa waliojaa kiburi, na kilionyeshwa kwa ruhusa. Serikali ilijua kwamba watu wakipewa nafasi ya kucheka jioni, asubuhi wanarudi kazini wakiwa wepesi kidogo. Bashar al-Assad aliondoka Desemba 2024, baada ya vita ya zaidi ya miaka kumi, na waliomwondoa ni waasi wenye silaha.

Basi hapo wengine wanarukia upande wa pili na kusema: kumbe vichekesho vyote vilivyoruhusiwa ni propaganda. Hapana. Mtu anaweza kuruhusiwa kuimba na bado akaingiza mdundo wake. Mwanafikra wa Kameruni Achille Mbembe aliwahi kueleza kwamba katika nchi zetu mtawala na mtawaliwa huishi kama nyumba moja, wanatumia maneno yaleyale na mizaha ileile ya tumbo na kula, kiasi kwamba kumcheka mkubwa hakumaanishi umetoka nje ya nguvu zake. Ni wazo zito, na mimi nalikubali kwa sehemu kubwa. Lakini naona limeacha kitu kimoja: tamthilia nzuri haikuchekeshi tu kuhusu mkubwa. Inakufanya ujione wewe kwenye safu ya wanaopiga makofi. Kicheko cha namna hiyo hakipunguzi uzito. Unalala nacho.

Je, ni kosa?

Sasa lile swali la WhatsApp. Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, kwa kuheshimu sheria na maadili. Wakati huohuo ipo sheria ya Desemba 1963 inayoadhibu kumvunjia heshima mkuu wa nchi, na ipo sheria ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 inayoweza kumshika anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo mitandaoni. Ipo pia tume ya taifa inayokagua nyimbo na maonyesho. Novemba 2021 ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, zikiwemo zilizolalamikia hali ya maisha na uongozi. Kelele zikapigwa, na mmojawapo ukaruhusiwa tena baada ya siku chache.

Kwa hiyo kutazama tamthilia ya nchi ya kubuni si kosa, na kuijadili si kosa. Hatari inaanzia kwenye mkasi. Mtu anakata dakika mbili, anafuta jina la tamthilia, anaandika juu yake "Tazama walichokifanya jana", na tashtiti inageuka kuwa uzushi njiani bila mtunzi kujua. Aliyepokea anaamini, anatuma tena. Huko ndiko sheria inakoweza kukukuta, na hata isipokukuta umeiharibu kazi ya msanii, maana nguvu yake yote ilikuwa katika kujulikana kwamba imebuniwa. Ukituma kipande, acha jina la tamthilia lionekane na sema kwamba ni maigizo. Hiyo inatosha.

Wapo wanaouliza kwa nini sisi hatuna tamthilia ya namna hii iliyotengenezwa hapa. Fedha ni sababu, umeme ni sababu, na woga upo pia. Lakini wachekeshaji wetu wa kwenye simu, wanaoigiza polisi wa roulage, yaani wa barabarani, mkubwa wa mtaa au bwana aliyepata cheo juzi na leo hasalimii mtu, wanafanya kazi ileile kwa vipande vya dakika tatu, na kwa Kiswahili kilekile cha Mufwankolo. Wengi wao wanamcheka yule mwenye cheo. Ninachongoja kwa hamu ni yule atakayemgeuzia kamera kijana anayemfungulia mkubwa mlango wa gari, akae naye vipindi sita, atuonyeshe anavyofikiri.

Kuandika mchezo huo hakutahitaji utafiti wa mbali. Katika mji huu bado wapo watu wengi waliocheza animasio wakiwa vijana, kwenye viwanja vya shule na vya kazini, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwauliza chochote. Kama yumo mmoja nyumbani kwako, mtazame naye kipindi kimoja, kisha muulize walicheza wapi, nani aliwafundisha hatua, na ni nani aliyekuwa akiandika majina ya wasiofika.